Kicheko na Machozi katika Mchezo Mmoja

Katika seminari, katika makoleji na katika misioni, tunapenda kucheza teatro siku za sikukuu. Mara nyingi twachagua komedia, ndiyo mchezo wa kuchekesha, tukidhani kwamba ni rahisi kuliko trajedia, ndiyo mchezo wa huzuni. Lakini tukianza kujifunza maneno yake, twaona shida. Ndani ya komedia ile mna baba anayemfukuza mwana wake, mna binti anayelazimishwa kuolewa, mna ugonjwa na deni, pengine hata kifo. Wachezaji wanaulizana: mambo haya tuyafanye namna gani? Wengine wanayageuza yote kuwa mzaha, na watu wanacheka pahali ilipofaa wanyamaze. Wengine wanayacheza kwa vilio virefu, na sikukuu inageuka kuwa matanga.

Shauri hili si dogo. Mtu akicheka, moyo wake umekwisha kuhukumu. Akimcheka mnafiki, amejifunza kuchukia unafiki. Akimcheka mke anayepigwa, amejifunza kumdharau mke anayepigwa, hata ikiwa mchezo ulitungwa kwa nia njema, hata ikiwa mwishoni anasimama mtu kueleza mafundisho yake. Kwa hiyo tunataka kuonyesha namna watungaji wakubwa walivyopima huzuni na kicheko ndani ya mchezo mmoja. Tutawatazama wawili: Plautus wa Roma, aliyekufa karibu na mwaka 184 mbele ya Kristu, na Molière wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1622 na kufa mwaka 1673.

I. Neno la Aristoteles

Aristoteles, katika kitabu chake juu ya utungaji, alifundisha kwamba komedia yaonyesha kosa au ubaya wa namna ya kuchekesha, maana yake ubaya usioumiza wala kuharibu. Akatoa mfano wa kinyago cha mchezaji: sura yake ni mbaya, tena imepotoka, lakini haionyeshi maumivu.

Tukilishika neno hili juu juu tu, tutasema: basi, tuondoe maumivu yote katika komedia. Lakini tukizifungua komedia zenyewe, zile zilizodumu miaka mamia, twakuta maumivu tele ndani yake. Plautus, katika mchezo wa Amphitruo, alimtoa mungu Mercurius mbele ya watazamaji awaambie kwamba mchezo utakuwa wa kuchanganya, kwa kuwa wafalme na miungu watatokea pamoja na mtumwa. Akaupa jina jipya: tragicomoedia. Neno lile lilikuwa la mzaha, tena lilihusu vyeo vya watu kuliko huzuni yao. Lakini katika mchezo wake mwingine, uitwao Captivi, maana yake Mateka, alichanganya huzuni yenyewe. Tuanze na huo.

II. Baba anayemfunga mwana wake

Mzee Hegio alikuwa na wana wawili. Mmoja aliibwa na mtumwa alipokuwa mtoto wa miaka minne. Wa pili ameshikwa vitani. Hegio ananunua mateka wa upande wa adui, apate mtu wa kubadilishana na mwana wake. Kati yao wamo Philocrates na mtumwa wake Tyndarus. Hao wawili wanabadilishana nguo na majina: mtumwa anajifanya bwana, na bwana anajifanya mtumwa. Hivi Philocrates anatumwa kwao kupeleka habari, na Tyndarus anabaki kifungoni kwa ajili yake. Hegio akijua kwamba amedanganywa, anawaka hasira, anamtia Tyndarus minyororo na kumpeleka kwenye machimbo ya mawe. Kumbe, Tyndarus ndiye mwana wake aliyeibwa.

Hapo mna trajedia tayari: baba anamtesa mtoto wake bila kumjua. Kitu gani kinaufanya mchezo huu ubaki komedia? Twaona mambo mawili.

La kwanza, watazamaji wanajua. Tangu maneno ya kufungua mchezo, wameambiwa kwamba Tyndarus ni mwana wa Hegio, na kwamba kwa werevu wake atamrudisha ndugu yake kwa baba yao. Wakimwona Hegio akitoa amri ya kumfunga, wanamhurumia kijana, tena wanamhurumia mzee, lakini wakati uleule wanangojea. Kujua mbele hakuwanyimi huruma. Kunawaondolea kukata tamaa, na mtu asiyekata tamaa aweza kucheka.

La pili ni pahali pa kicheko. Mwenyi kuchekesha ni Ergasilus, mtu anayeishi kwa kula mezani kwa wengine. Yeye amlilia mwana wa Hegio aliyetekwa, lakini kweli analilia chakula alichozoea kupata kwake. Angalia lakini: Tyndarus anapopelekwa machimboni, Ergasilus hayupo. Plautus hakumweka kando ya minyororo ili afanye mzaha. Anamrudisha baadaye, akikimbia toka bandarini na habari njema, akiwatisha watu wote wampishe njia. Mara kijana anateswa kweli, mara mlafi anakimbia. Kila kitu kina saa yake.

Hata mwishoni huzuni haifutwi mara moja. Tyndarus anarudi toka machimboni na minyororo yake, na akiwa amefungwa bado ndipo anapoambiwa kwamba huyu aliyemfunga ni baba yake. Furaha yaja, lakini chuma kingali mwilini.

III. Mfereji unachimbwa kabla ya maji

Tartuffe wa Molière ni mchezo unaotuhusu sana sisi mapadri, kwa sababu ya fitina iliyozaliwa nao. Ulichezwa mara ya kwanza Versailles mbele ya mfalme Louis XIV mwezi wa Mei mwaka 1664, ukakatazwa usichezwe mbele ya watu wote. Tarehe 5 Agosti 1667 Molière aliutoa tena kwa jina lingine. Kesho yake ukakatazwa, na siku chache baadaye askofu mkuu wa Paris aliwakataza watu wasiucheze, wasiusome wala wasiusikilize, kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Ruhusa ilipatikana mwezi wa Februari mwaka 1669.

Tusiwadharau upesi wale waliouogopa. Hofu yao ilikuwa hii: watu watamcheka mnafiki anayejifanya mtu wa sala, kisha kicheko kitavuka mpaka na kuiangukia sala yenyewe. Molière aliijua hatari hiyo. Katika maneno ya kwanza ya kitabu, yaliyopigwa chapa mwaka 1669, alieleza kwamba alitumia sehemu mbili nzima za mchezo kutayarisha kuja kwa mwovu wake. Ni kweli: mchezo una sehemu tano, na Tartuffe aonekana katika sehemu ya tatu tu. Kabla hajatamka neno, watazamaji wamekwisha kujua kwamba ala vizuri, alala vizuri, na atawala nyumba isiyo yake. Basi akiingia na kutaja mateso ya mwili wake, hakuna awezaye kumdhani mtakatifu. Mfereji umechimbwa kabla ya maji kufika, na maji yapita pale yanapotakiwa.

Tazama sasa namna huzuni inavyopimwa. Orgon, baba wa nyumba, anarudi safarini. Mtumishi wa kike, Dorine, anamweleza kwamba mke wake Elmire alishikwa na homa, alishindwa kula, alishindwa kulala. Orgon hajali, anauliza habari za Tartuffe tu. Akiambiwa kwamba Tartuffe amenona na kushiba, anamhurumia! Jambo hilo larudi mara nne, na kila mara kicheko chazidi. Lakini ndani ya kicheko kile mna jeraha: mume haisikii tena shida ya mke wake. Kwa nini twaweza kucheka? Kwanza kwa sababu Elmire amekwisha kupona. Tena kwa sababu hayupo pale. Angalikuwa amesimama pembeni akisikiliza, kicheko kingalikufa kinywani mwetu. Mtungaji ametuonyesha upofu wa mwenyi kosa, na uso wa mwenyi kuumia ameuficha.

Katika sehemu ya nne uso ule waonekana. Mariane, binti wa Orgon, anapiga magoti mbele ya baba yake. Anamwomba asimwoze kwa Tartuffe. Ni afadhali aende kufungiwa katika nyumba ya watawa. Hapo Molière anazima kicheko. Orgon mwenyewe anaanza kulegea, anajikaza kwa nguvu asishindwe na huruma. Dorine, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu tangu mwanzo, akifungua kinywa ananyamazishwa. Maneno hayo ya magotini ni mafupi. Punde Elmire anatoa shauri la kumficha mume wake chini ya meza, asikie kwa masikio yake unafiki wa rafiki yake, na komedia yarudi.

Kisha katika sehemu ya tano, nyumba imekwisha kupotea, kwa sababu Orgon alimwandikia Tartuffe mali yake yote. Saa ile ya giza anakuja mama ya Orgon, mwenyi kumsifu Tartuffe. Orgon anamwambia: nimeona kwa macho yangu. Bibi anakataa kusadiki. Aliyekataa kuwasadiki watu wa nyumbani mwake sasa hasadikiwi na mama yake. Twacheka, na ni haki tucheke, kwa kuwa Orgon apokea kipimo alichowapimia wengine. Mke na watoto, walio katika hatari bila kosa, hatuwacheki hata kidogo.

Mwisho wake watufundisha jambo lingine. Hatari imekwenda mbali mpaka hakuna mtu wa nyumbani awezaye kuiondoa. Ni mjumbe wa mfalme anayekuja kumkamata Tartuffe. Wengi wameona kwamba mwisho huo umeletwa toka nje. Ni gharama ya kuongeza huzuni kupita kipimo: mtungaji alazimika kutafuta mkono wenyi nguvu kuliko wachezaji wake.

IV. Kifo cha uongo, machozi ya kweli

Mfano ulio bora kwetu ni Le Malade imaginaire, mchezo wa mwisho wa Molière. Argan, mtu mwenyi afya, asadiki kwamba ni mgonjwa, tena apenda dawa zake kuliko watoto wake. Ataka kumwoza binti yake Angélique kwa kijana mganga, apate mganga wa nyumbani. Mke wake wa pili, Béline, ambembeleza akingojea urithi.

Katika sehemu ya pili Argan anachukua fimbo kumchapa binti yake mdogo, Louison, aliyemficha habari. Mtoto anaanguka na kujifanya amekufa. Baba anaitupa fimbo, analia, anajilaani. Ndipo mtoto anamwambia asilie sana, hajafa kabisa. Wazazi wote wajua hofu ile ya Argan. Ni hofu ya kweli. Lakini watazamaji wameona ujanja wa mtoto. Kicheko chamwangukia mwenyi fimbo.

Katika sehemu ya tatu mchezo wajigeuza. Sasa ni Argan anayejifanya maiti, kwa shauri la mtumishi wake Toinette, ili ajue nani ampenda. Béline anaitwa kwanza. Akisikia kwamba mume amekufa, anafurahi, anamtukana, anataka kuzichukua hati na fedha. Maiti inaamka! Hapo kicheko hakina kizuizi. Kisha anaitwa Angélique. Binti yule, aliyeonewa na baba yake tangu mwanzo, anaanguka kwa majonzi, anaomba msamaha kwa kuwa alimkatalia, yuko tayari kufuata mapenzi yake. Machozi yake ni ya kweli kabisa. Hakuna mzaha hata mmoja katika maneno yake.

Basi tulinganishe. Kifo ni kilekile, kiti ni kilekile, hila ni ileile, na watazamaji wajua sawasawa mara zote mbili kwamba Argan yu mzima. Mara ya kwanza wacheka, mara ya pili macho yawachoma. Tofauti yatoka moyoni mwa yule anayesimama mbele ya kiti. Na hapo tumepata ufunguo wa shauri letu: huzuni haiui komedia, ikiwa kicheko chajua kimwangukie nani. Kimwangukie mwenyi kosa. Kisimwangukie mwenyi kulia.

Wasomaji wengi wajua namna mchezo huo ulivyofunga maisha ya mtungaji wake. Molière mwenyewe alicheza nafasi ya Argan. Tarehe 17 Februari 1673, siku ya nne ya kuucheza, alishikwa na ugonjwa jukwaani. Waliosimulia maisha yake waliandika kwamba aliuficha kwa kicheko, akaumaliza mchezo. Jioni ileile akafa nyumbani kwake. Wachezaji wa teatro katika Ufaransa ya wakati ule walinyimwa maziko ya Kanisa wasipoikana kazi yao. Ilimpasa mjane wake kumwomba askofu mkuu, na mfalme kuingilia kati, ndipo akazikwa usiku. Siku ile huzuni ilikuwa ya mchezaji mwenyewe, na watazamaji hawakuijua. Wazee husema: hujafa hujaumbika. Anayechekesha watu juu ya ugonjwa na kifo afanye kazi hiyo kwa heshima, kwa sababu mwili wake umefanywa kwa udongo uleule.

V. Mizani ikikaribia kupinduka

Tutaje kwa ufupi L'Avare, mchezo wa mwaka 1668, ambao Molière aliutunga akifuata Aulularia ya Plautus. Harpagon, mzee mwenyi choyo, agombana na mwana wake juu ya msichana mmoja, na kwanza kijana yule agundua kwamba mtu anayetaka kumkopesha fedha kwa riba ya kunyonya damu ni baba yake mwenyewe. Mwishowe baba amlaani mwana, na mwana aipokea laana kwa dharau. Goethe aliona kwamba mchezo huo ni wa trajedia, kwa kuwa choyo chavunja heshima yote kati ya baba na mtoto. Hakukosea. Hapo mizani yatetemeka.

Kinachoiokoa ni sanduku. Harpagon aibiwa sanduku lenyi vipande vya zahabu 10,000 alilozika bustanini, akapiga kelele kama mtu aliyefiwa, akajishika mkono wake mwenyewe akidhani amemshika mwizi. Maumivu yake si ya uongo, lakini anacholilia hakistahili machozi yale. Twacheka kwa sababu kilio ni kikubwa na kitu ni kidogo. Na mtungaji hakumwongoa kwa upesi mwishoni ili kutupendeza: Harpagon aondoka kwenda kuliona sanduku lake, watoto waenda kuoana.

VI. Kwa wale wanaotayarisha mchezo

Tuseme seminari moja yataka kutunga komedia juu ya baba mlevi anayekunywa fedha za masomo ya mtoto wake. Ulevi wake wachekesha: aongea na mti, apotea njia ya nyumba yake. Vema. Lakini mtoto akirudishwa toka shule, tufanye nini? Mafundisho ya Plautus na Molière yatusaidia.

Kwanza, watazamaji wajue mapema hatari ni nini na nani ana kosa. Wasipojua, watacheka ovyo.

Pili, mlevi asiwe mwenyi kuchekesha wakati mtoto amesimama mbele yake akilia. Wakati ule baba anyamaze, au atoke. Ulevi wake utarudi baadaye.

Tatu, machozi yawe mafupi na ya kweli. Mtoto aseme maneno machache kwa sauti ya kawaida. Mwenyi kulia asiwatazame watu kuona kama wamehuzunika.

Nne, katika seminari zetu vijana wa kiume hucheza nafasi za wanawake. Mara nyingi kijana abana sauti na kutikisa mwili, na watu wavunjika mbavu. Kwa Béline jambo hilo laweza kuvumiliwa. Kwa Angélique au Mariane ni kuharibu mchezo wote, maana kicheko chamwangukia yule asiyestahili. Kijana aseme kwa sauti yake, kwa utulivu; watazamaji watamwona binti.

Tano, watu wakicheka pahali pasipofaa, mchezaji asiwajibu kwa kuongeza mzaha. Akae kimya kidogo, kisha aendelee. Kimya chake kitawafundisha.

Sita, hatari isiende mbali kupita nguvu za kuimaliza. Mtoto akifa kwa njaa, hakuna tena komedia, hata tukileta ngoma mwishoni.

Tusidhani, ndugu wapenzi, kwamba mambo haya ni ya jukwaani tu. Padri na katekista pia huchekesha watu, katika mahubiri na katika mafundisho, na mara nyingi kwa mifano ya walevi, ya wagomvi, ya wake na waume. Pahali pale pia kicheko chamwangukia mtu fulani, na pengine mtu yule ameketi katika benchi la nyuma, ameinamisha kichwa. Kabla ya kuwachekesha watu, tujiulize kwanza: ni nani kati yao atakayetoka bila kucheka, na kwa sababu gani?